Ploti Yangu Hufuata Kalenda ya Omena

Watu wakisikia nina ploti Kendu Bay, swali lao la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, ulinunua pesa ngapi?" Huwajibu, maana si siri. Mwaka 2014 nililipa Sh850,000 kwa vyumba sita vya matofali, choo cha shimo chenye milango miwili na mwembe mmoja uani. Swali la pili, ambalo lingewafaa zaidi, hawaniulizi: nyumba hiyo imekula pesa ngapi tangu siku ile, na imekula miezi gani.

Miezi ndiyo habari yenyewe. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, lakini ilinibidi nipate hasara miaka mitatu mfululizo ndipo nikaelewa kwamba bajeti ya nyumba za kupangisha katika mji huu haifuati kalenda ya ukutani. Hufuata ziwa.

Nianze na wapangaji. Kendu Bay ni mji uliozaliwa gatini. Meli zilikuja kutoka Kisumu, pamba ikachambuliwa hapa hapa, na Wahindi wakajenga yale maduka ya mji wa kale yenye baraza mbele na vyumba nyuma. Upande wa pili, Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na hospitali yao ikafunguliwa 1925. Pamba imekwisha, meli hatuzioni tena kama zamani, lakini mji bado unaishi kwa mifuko ile ile miwili: wa misheni na wa ziwa. Ndiyo maana wapangaji wangu ni wa aina tatu. Kuna mwenye mshahara, yaani mwalimu au muuguzi, ambaye kufikia tarehe tano kodi iko kwenye simu yangu. Kuna mwanafunzi wa chuo cha uuguzi, ambaye hulipa vizuri chuo kikiwa wazi na akifunga virago likizoni hataki kulipia chumba asicholala. Na kuna anayeishi kwa omena.

Huyu wa omena ndiye nataka wasomaji wamwelewe, kwa sababu wenye nyumba wengi humwita msumbufu na mimi pia niliwahi kumwita hivyo. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, samaki hawakusanyiki, na maboti mengi hubaki pwani. Kwa hiyo mama anayenunua omena ufukweni, akaianika na kuipeleka sokoni, pesa zake huja giza likija na hupungua mwezi ukijaa. Tarehe tano ya kalenda yangu haikuwa na maana yoyote kwake. Tena kuna kufungwa kwa uvuvi: kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 kila mwaka, uvuvi wa omena husimamishwa upande wa Kenya ili samaki wazaane. Miezi minne. Mwaka wangu wa kwanza, mama wa chumba nambari nne alinijia mwishoni mwa Aprili akasimama mlangoni bila kuketi. "Mwalimu," akasema, "omena imefungwa." Nilidhani ananipa udhuru, kumbe ananipa taarifa.

Sasa nifungue daftari la mwaka ule wa kwanza, maana mtu anayetaka kununua ploti hufaidika zaidi na hesabu za mwenzake kuliko na pongezi zake. Vyumba sita kwa Sh2,500 ni Sh15,000 kwa mwezi, Sh180,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hesabu niliyoonyeshwa na dalali, na ndiyo niliyomwonyesha mume wangu. Vyumba vya wanafunzi vilikaa vitupu jumla ya miezi saba: toa Sh17,500. Mpangaji mmoja aliondoka na deni na mwingine hakumaliza kulipa, jumla Sh8,500. Kilichoingia mkononi ni Sh154,000. Halafu nyumba ikaanza kula. Paa lilikula Sh23,400. Choo kilijaa maji mvua za Mei, ikabidi tuchimbe kingine kwa Sh31,000. Vitasa, kioo na plasta, Sh6,200. Maji Sh9,600. Taa ya nje, Sh2,400. Jumla Sh72,600. Zikabaki Sh81,400.

Nilikuwa nimekopa Sh600,000 kwenye Sacco, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio, nilipe kwa miezi 48. Hapo kila mwezi ni kama Sh15,800. Msomaji ataona mara moja kosa ambalo mimi mwalimu wa hesabu sikuliona: hata vyumba vyote vikijaa na kila mtu alipe, Sh15,000 haifikii Sh15,800. Kwa mwaka mkopo ulidai Sh189,600, ploti ikatoa Sh81,400, na Sh108,200 zikatoka kwenye mshahara wangu. Mtoto wetu wa pili alikuwa ameingia sekondari mwaka huo huo. Tulikula sukuma wiki zaidi kuliko tulivyopenda.

Sijutii kununua. Ninachojutia ni kununua kwa hesabu ya dalali. Anayeweka mezani kodi ya vyumba vyote kwa miezi kumi na miwili anauza nyumba ambayo haipo. Siku hizi kijana akiniletea hesabu ya ploti, humwambia atoe miezi miwili kwa kila chumba, kisha robo ya kinachobaki aihesabu kuwa mali ya nyumba, na ndipo aulize kama salio linaweza kubeba mkopo. Mara nyingi haliwezi. Basi ama bei ishuke, ama akope kidogo, ama asubiri.

Kusubiri nakujua. Ploti hii niliiona mwaka 2012. Aliyekuwa akiiuza alikuwa na hatimiliki mkononi, karatasi halali kabisa, lakini nilipokwenda ofisi ya ardhi Homa Bay kufanya upekuzi nikakuta mwenye ardhi ni babu yake, na babu alikuwa amefariki zamani. Hapa kwetu Karachuonyo hilo ni jambo la kila siku. Ardhi hugawanywa kwa maneno, wazee wakishuhudia, na karatasi hubaki na jina la marehemu. Muuzaji hakuwa mwongo. Ila kisheria, asiye na barua ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama hana anachoweza kuuza, na anayemlipa ananunua kesi. Alinisihi nimpe nusu ili hiyo nusu igharamie mirathi. Nilikataa, na nililia usiku ule kwa kuogopa kuikosa ploti. Familia yao ilichukua mwaka na miezi miwili kumaliza. Siku ya kutia saini, mke wa muuzaji alikuwepo na akaandika ridhaa yake, maana bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa uuzaji wa nyumba ya familia unaweza kutenguliwa. Na kwa anayenunua shamba ili ajenge vyumba, asisahau kwamba ardhi ya kilimo lazima ipate kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba.

Kabla ya hii, nilikaribia kununua nyingine chini kabisa kuelekea ufukweni, bei nafuu mno. Nilikuwa nimesimama pale napima kwa hatua, mzee mmoja wa jirani akaniita. "Nyathina, mwanangu," akaniambia, "hapo ulipokanyaga, mwaka 1964 tulikuwa tunavua kamongo." Alinionyesha mpaka maji yalipofika baada ya zile mvua kubwa zilizoanza 1961. Dalali alicheka akasema hayo ni ya kale. Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka kidogo hata kile kimo cha 1964, na vyumba vilivyokuwa vimejengwa pale vikasimama ndani ya maji hadi madirishani. Hakuna upekuzi wa ofisini ambao ungeniambia hilo. Ukitaka kununua karibu na ziwa, tafuta mtu mwenye miaka themanini.

Sasa ukarabati, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa huvuja kwa ujinga.

Paa kwanza. Fundi wangu alinifundisha kitu ambacho sijawahi kukiacha. Saa sita mchana jua likiwa kali, ingia chumbani, funga mlango, ziba dirisha kwa blanketi, simama katikati na usubiri macho yazoee giza. Kisha tazama juu. Kila tundu litawaka kama nyota. Siku ile ya kwanza, chumba nambari mbili peke yake kilikuwa na nyota kumi na tisa. Tulipopanda juu tukaona karibu zote ziko kwenye misumari. Msumari wa mabati huja na kijipira chini ya kichwa chake, nacho ndicho kinachozuia maji. Jua hukikausha kikapasuka, upepo wa alasiri kutoka ziwani ukilitikisa bati kila siku tundu linapanuka, na mvua ikija inapata njia. Bati lenyewe bado zima. Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kubadilisha paa lote. Wa pili alibadilisha mabati kumi na mawili yaliyooza pembeni, akang'oa misumari iliyolegea, akapigilia mingine minene kidogo yenye vijipira vipya. Na mabati mapya nilinunua geji 28 badala ya 32 iliyokuwepo. Wanunuzi wengi hudhani namba kubwa ndiyo bora. Ni kinyume: namba ikishuka bati linanenepa.

La pili lilikuwa nyufa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaoshuka kutoka kona ya dirisha, na kila Desemba muuzaji, nadhani, alikuwa akiupaka plasta na rangi. Nami nikafanya hivyo, ukarudi. Fundi akachukua penseli akaweka alama ndogo kwenye ncha zote mbili za ufa, akaandika tarehe. "Tuuache utuambie unatembea au umelala," akasema. Miezi mitano baadaye ufa ulikuwa umevuka alama kwa upana wa vidole vitatu. Ulikuwa unatembea. Chini ya nyumba kuna udongo mweusi, ule unaonata kwenye kiatu mpaka ukashindwa kuinua mguu. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono, na nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka.

Lakini kwa nini ukuta wa nyuma tu? Tukapiga hesabu pale pale uani. Paa langu lina mteremko wa upande mmoja, karibu mita 70 za mraba, na maji yote hushukia nyuma. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua moja kubwa ya milimita 50 ilikuwa ikimwaga lita 3,500 kwenye msingi wa ukuta ule ule, mwaka baada ya mwaka. Nyumba ilikuwa inajichimbia shimo. Mwaka 2017 niliweka mfereji wa bati, tangi la lita 5,000, na sakafu ya zege yenye upana wa mita moja kando ya ukuta wote, ikiinama kupeleka maji mbali. Iligharimu Sh58,000, pesa nyingi kuliko ukarabati wowote niliokuwa nimefanya, na haikuonekana kama urembo kwa mpita njia. Ufa ulisimama. Plasta niliyopiga mwaka uliofuata ipo hadi leo, na bili ya maji ikapungua karibu nusu kwa sababu wapangaji hufulia maji ya tangi.

Tangu hapo, ukarabati wangu una majira. Paa hukaguliwa Januari na kurekebishwa Februari, kabla ya masika ya Machi. Choo huchimbwa au kunyonywa wakati wa kiangazi, kamwe si Mei. Plasta husubiri Agosti, ukuta ukishakauka. Lakini hapo ndipo ugumu: Januari na Februari ndiyo miezi ambayo hakuna aliye na pesa, si mimi wala wapangaji, karo imemaliza kila mtu. Ina maana pesa ya bati la Februari lazima iwe imewekwa kando kati ya Agosti na Desemba. Na Agosti ni mwezi gani? Ni mwezi omena inapofunguliwa.

Siku nilipoyaona hayo mawili yakikutana kwenye daftari, nilitoka nikaenda chumba nambari nne. Nikamwambia mama yule: kodi ya mwaka ni Sh30,000. Badala ya kunilipa mara kumi na mbili, nilipe mara nane, kuanzia Agosti hadi Machi, Sh3,750 kila mara, na Aprili hadi Julai usinipe kitu wala usinikimbie. Tena usilipe tarehe tano, lipa giza la mwezi likiisha. Alinitazama kwa muda. Akaniuliza kama nitaandika. Niliandika, nakala mbili, tukatia saini wote. Tangu mwaka huo hajawahi kubaki na deni mwaka ukiisha. Wa chumba nambari tano, ambaye pia ni wa omena, aliomba mpango huo huo baada ya miezi michache. Zile Sh1,250 za ziada kwa kila mmoja huingia moja kwa moja kwenye akiba ya nyumba, na miezi omena ikifungwa huwa tayari ziko juu ya paa kama bati na misumari.

Kwa wanafunzi nilifanya tofauti. Mwanafunzi anayerudi hulipa nusu ya kodi likizoni na chumba kinabaki chake na godoro lake. Nusu kwangu ni bora kuliko kutafuta mpangaji mpya kila Januari, kupaka rangi na kubadilisha kitasa.

Lazima niseme na kosa langu. Mwaka wa pili, mpangaji mmoja akiwa na deni la miezi minne, niliweka kufuli langu juu ya lake. Wenye nyumba wengi hapa hufanya hivyo na hakuna anayeshtuka. Rafiki yangu aliyesomea sheria akanipigia jioni hiyo akaniambia niliondoe kabla giza halijaingia. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, yaani nyumba zangu hasa, na mwenye nyumba wa namna hiyo hamtoi mpangaji bila amri ya baraza linalohusika. Nilirudi na ufunguo. Mpangaji alikuwa ameketi kwenye ndoo nje, mtoto amelala mapajani mwake, na hakuniambia neno. Picha hiyo sijaisahau.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2021 niliongeza vyumba vinne vyenye choo na jiko ndani, kila kimoja Sh4,500. Ukijumlisha na vile sita ni Sh33,000 kwa mwezi, Sh396,000 kwa mwaka. Anayepata zaidi ya Sh288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka kutokana na kodi za nyumba za kuishi hulipa ushuru wa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ulikuwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Vyumba vyangu vikijaa ni Sh2,475. Aliye chini ya hapo hayumo katika utaratibu huo lakini bado anatakiwa kuyaonyesha mapato hayo kwenye ritani yake ya mwaka. Na jambo ambalo huwashangaza wengi: ushuru huo huhesabiwa juu ya kodi yote, hutoi gharama hata shilingi. Mwezi uliobadilisha paa na mwezi ulioketi tu, ushuru ni ule ule. Kwa hiyo nimeuandika kwenye daftari mstari wa kwanza, juu ya maji na juu ya misumari.

Mkopo uliisha 2018. Vile vyumba vinne nilivijenga bila kukopa, kimoja kimoja.

Februari iliyopita fundi alikuja na ngazi yake ile ile. Tulijifungia chumba nambari nne saa sita mchana, mimi, yeye, na mama mwenyewe aliyekuwa ameshika blanketi dirishani, mikono yake ikinukia omena ya asubuhi. Tukasubiri giza litulie. Fundi akahesabu kwa sauti: moja, mbili. Mama akasema, "Tatu, Mwalimu, tazama pale juu ya kitanda." Nilitazama sana kabla sijaiona, ndogo kama ncha ya sindano. Fundi akatoka kupanda juu, na mama akasogeza kitanda.